Kitabu Kilichongoja Jua Lizame

Omena iliyonyeshewa, dagaa wetu wa ziwani, ina harufu ambayo sabuni haiitoi. Si ile harufu nzuri ya omena iliyokauka vizuri, inayokufanya utamani ugali hata kama umetoka kula sasa hivi. Ni harufu nzito inayoingia kwenye nywele na kwenye godoro, na mwaka niliokuwa darasa la nane, kule Muhuru Bay, ilikaa nyumbani kwetu karibu msimu wote wa mvua. Kwa wengine ilikuwa harufu ya hasara. Kwangu ilikuwa mwanzo wa swali, na swali hilo sijaliacha mpaka leo.

Mama alikuwa mchuuzi wa omena na shemasi wa kanisa. Sisi ni Wasabato, na kwetu Sabato huingia Ijumaa jua likizama, kazi zote zikasimama mpaka jua la Jumamosi lizame. Kila Ijumaa Mama alishindana na jua hilo: chakula cha kesho kipikwe, maji yachotwe, viatu ving'arishwe, omena ikusanywe kutoka kwenye nyavu kuukuu tulikoitandaza mchangani. Ijumaa moja mawingu yalifunga kutwa nzima. Omena haikukauka, na omena mbichi ukiitia guniani inaoza. Mama akaiacha pale pale nje, akamkabidhi Mungu, tukaimba wimbo wa kuipokea Sabato. Kesho yake, tumerudi tu kutoka kanisani, mvua ikashuka. Jirani yetu Mama Boke, Mkatoliki aliyetoka Kegonga kuja kufanya biashara ya samaki, alimaliza kuokoa omena yake kisha akakimbilia yetu na karai.

"Mama Akinyi, wewe kaa tu! Mimi nitakukusanyia. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake jeupe la kanisani. "Wacha, Mama Boke. Ni Sabato. Wacha hiyo kitu."

"Na hii mvua, yenyewe haijui ni Sabato?"

Mama Boke akaliweka karai chini, akatikisa kichwa, akaenda zake. Tukasimama kuitazama kazi yetu ikigeuka tope. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Siku iliyofuata omena yote ilichukuliwa na watu wa chakula cha kuku, na mimi nikamuuliza Mama kama mvua ile aliileta Mungu. Akasema ndiye. Nikamuuliza kama ni Mungu huyo huyo aliyetukataza kukusanya. Akaniambia nifunge mdomo. Sasa mdomo niliumbiwa wazi, nitaufunga vipi?

Swali langu lilipata mwenzake dukani kwa Swaleh. Huyu alikuwa Mwislamu wa Pwani aliyeuza vifaa vya ujenzi hapo sokoni, na misumari aliifunga kwa kurasa za vitabu vikuukuu alivyonunua kwa kilo. Nilitumwa misumari ya mabati. Nikamwona anashika kitabu chenye picha ya Biblia kwenye jalada, tayari kukichana, nikamwomba anipe. "Kichukue, mwanangu," akasema, "lakini sura za mwisho zishakwenda na misumari." Mwandishi alikuwa mhubiri wa kanisa letu, kisha akalihama. Aliuliza mbona waanzilishi wetu walipiga hesabu ya siku ya mwisho, siku ikapita, watu wakaamka asubuhi na kukuta ng'ombe bado wanataka kukamuliwa. Aliuliza kama Mungu anamhitaji mtu awe na njaa ndipo ajue anapendwa. Nilichohisi nikikisoma hakikuwa hofu ya jehanamu. Ilikuwa furaha ya kukuta mtu mzima anauliza kwa sauti kitu ambacho mimi nilikatazwa hata kukiwaza. Lakini sikumkubalia yote. Alipowaita waumini wajinga niligombana naye kimoyomoyo, kwa sababu mama yangu hakuwa mjinga.

Wakati huo nilikuwa darasa la ubatizo, na joho langu Mama alikuwa ameshalishona. Alasiri za Sabato kwetu hakisomwi ila kitabu cha dini, nami nilikisoma changu sebuleni, Biblia ya jaladani ikiwatazama wote. Mama alifurahi. Aliwaambia wageni kwamba binti yake ameokoka kweli. Mpaka Sabato moja mchungaji akaja kula chakula cha mchana, akakichukua, akafungua kurasa mbili tatu, uso ukambadilika.

"Shemasi, hiki kitabu kichomwe. Leo hii."

Mama akainuka mbio, halafu akasimama katikati ya chumba. Nyumbani kwetu moto hauwashwi mpaka Sabato itoke. Basi kitabu kikawekwa juu ya kabati kingojee jua lizame, na mchungaji akaanza kuniombea. Aliposema amina nilikwenda kabatini, nikakichukua, nikaketi mbele yao, nikaendelea pale nilipoachia.

"Akinyi!" Mama akapiga kelele.

"Si kitachomwa jioni, Mama? Wacha nimalizie."

"Huyu mtoto ameingiliwa," mchungaji akasema.

"Pasta, nijibu hii moja tu," nikamwambia, nikimnyoshea ukurasa. "Ukinijibu, nitachoma mwenyewe."

Akausoma. Namheshimu kwa hilo, aliusoma wote. Kisha akatazama saa yake, akasema kuna mambo hayaulizwi. Jua lilipozama, Mama alikitia chini ya sufuria ya uji bila kunitazama. Nilikunywa uji ule wote. Walichokichoma kilikuwa kimechelewa kuchomwa, maneno yake nilikuwa nayo kichwani.

Siku ya ubatizo kwaya iliimba ufukoni, karibu na zile nyavu zetu. Mchungaji akasoma viapo, akasema kila anayekubali ainue mkono. Mikono ya wenzangu ikapanda. Wangu nikauacha ubavuni. Nikamsikia Mama nyuma yangu akininong'oneza, "Inua, mwanangu. Inua tu." Nikasema, na watu wakasikia, kwamba siwezi kuapia kitu nilichokatazwa kukiuliza. Mama aliikunja kanga iliyokuwa ya kunifutia maji, akaondoka. Kwa majuma mengi alinisemesha tu kuniita kula, na hilo liliniuma kuliko maombi yote ya kunitoa pepo. Lakini mkono, hapana.

Sasa naishi Homa Bay, nafundisha. Wanafunzi wangu wakiwa na shaka huisoma kwenye simu, hakuna wa kungoja jua lizame ili aichome, na bado wengi wananong'ona wakiniuliza, kama vile dari inasikia. Kitabu kile nilikipata tena kwa wauza vitabu vya mitumba, nakala nyingine nzima. Sura ya mwisho mwandishi alimtaka msomaji ajiunge na kanisa lake jipya na aape kutorudi nyuma. Nilicheka peke yangu barabarani, nikakirudisha.

Mama huja kwangu akiwa na kliniki. Bado huniuliza kama nimebatizwa, nami humjibu bado. Majuzi, siku ya Sabato, nilitoka nikaacha nguo kwenye kamba. Mvua ilinikuta sokoni. Niliporudi, shuka zangu zilikuwa zimelowa chapachapa, nyingine ziko matopeni, na Mama amesimama mlangoni na gauni lake jeupe, anazitazama.

"Mama, hata shuka moja?"

"Ni Sabato."

Hakuomba msamaha, na uso wake haukuwa na aibu hata chembe. Nilimtazama alivyosimama, kidevu juu, mikono ubavuni, nikajua ule ukaidi wangu wa ufukoni sikuusoma kwenye kitabu chochote. Nikaingia matopeni kuokota shuka zangu mwenyewe.