Haki za Bana Adamu

Kila lori la pamba linapopita mbele ya nyumba yangu hapa Bariadi kuelekea kiwandani, huacha harufu ya vumbi na jua, na kwa mbali harufu ya dawa ya wadudu. Wageni wangu hufunga madirisha. Mimi huyafungua, tena ni madirisha ya alumini, niliyoyaweka mwenyewe bila msaada wa mjomba wala mchumba. Utotoni nililala na harufu ileile. Kwetu pamba ilirundikwa chumbani hadi karibu na paa, nasi mabinti watatu tulitandika kanga juu yake tukalala kama watoto wa mtemi, huku tukijikuna.

Nina stashahada ya maendeleo ya jamii. Nasema mapema, msije mkadhani nasimulia mambo ya kuokota. Lakini haki za binadamu sikuanza kuzijua chuoni. Nilizijua nikiwa darasa la sita, mwaka ambao baba alifariki, pamba ikiwa bado chumbani.

Baba hakuacha mtoto wa kiume. Haukupita muda, baba mdogo akaanza kupita shambani kwetu asubuhi, fimbo mkononi, akiangalia mipaka kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Habari ikatufikia: Jumapili ukoo utakaa. Shamba lirudi kwa wanaume, na mama achague, aolewe na baba mdogo au arudi kwao.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa uraia alitufundisha haki za binadamu zilivyokua: mfalme wa kale aliyechonga sheria kwenye jiwe, mabwana wa Uingereza waliombana mfalme wao, Wafaransa, kukomeshwa kwa utumwa, hadi mataifa yalipokaa baada ya vita kuu na kuandika kwamba watu wote ni sawa. Nilirudi mbio nikammwagia mama yote, yeye akisonga ugali. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Chake kilikuwa cha gulioni, cha kuuzia kuku. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza ugali, akauliza, "Kwa hiyo hizo haki wamepewa bana Adamu peke yao?"

Hapa lazima nieleze. Kwa Kisukuma, bana ni watoto. Na jirani yetu, mzee mmoja mlokole mwenye maksai wengi, aliitwa Adamu. Mwanawe alipofariki, mzee huyo alimwachia mjane wa mwanawe shamba lote, na kijiji kizima kilishangaa. Sasa mama aliona amepata maelezo: kumbe serikali imeupa ukoo wa Adamu sheria yao! Nilicheka hadi nikapaliwa. Nilipomfafanulia, alisema "Haya," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Jumapili wakakaa uani kwetu. Mzee Adamu aliitwa kwa sababu tulipakana naye. Baba mdogo alieleza yake kwa upole, kana kwamba anatufanyia hisani. Mama alipopewa nafasi alipiga magoti, kama ilivyo desturi, lakini akamgeukia jirani.

"Baba Adamu, nasikia ninyi bana Adamu mna haki zenu. Mimi si wa kwenu. Naomba na mimi mnigawie."

Watu wakaangua kicheko.

"Shemeji, nani kakudanganya?" baba mdogo aliuliza.

"Msomi huyu hapa," mama akaninyooshea kidole.

Nikasimamishwa. Nilitiririka bila kukwama, kuanzia jiwe la mfalme hadi vita kuu, na hadi leo sijui mtoto mwingine wa darasa la sita ambaye angeweza. Baba mdogo alingoja nimalize.

"Ng'waniki, binti yangu, umesema vizuri. Sasa, katika hao wafalme na mabwana wote, mwanamke alikuwa wapi?"

Hapo mwalimu hakutufikisha.

"Alikuwa analima, shemeji," mama alijibu, akiwa bado amepiga magoti.

Wanawake waliokuwa upande wa jikoni wakapiga vigelegele. Mzee Adamu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Kama shida ni jina, huyu kuanzia leo ni mwanangu. Anayetaka kumtoa shambani aanzie kwangu." Baba mdogo akatazama chini. Mvua zilikuwa karibu, na kila msimu alilima kwa maksai wa Mzee Adamu.

Shamba likabaki, na ndilo lililonisomesha.

Kwa miaka mingi niliona haya kwamba tulishinda kwa kosa la lugha na kwa nguvu ya ng'ombe. Chuoni, katika somo nililoongoza darasa zima, ndipo nikaelewa. Wale mabwana wa Uingereza walidai haki zao wenyewe, si za wakulima wao. Walioandika kwamba watu wote huzaliwa huru, wengine walikuwa na watumwa nyumbani. Kila zama "watu wote" lilikuwa jina la ukoo fulani, na ukoo huo uliongezeka pale tu mtu wa nje alipofika kikaoni na kuomba agawiwe.

Mwaka jana baba mdogo alifariki. Ukoo ulipokaa kumjadili mjane wake, mama alikwenda bila kuitwa. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa gari langu. Kijana mmoja akamuuliza amekuja kama nani, kama shemeji wa marehemu au kama jirani.

"Kama munhu," mama akasema, yaani mtu tu, akavuta kigoda akaketi ubavuni mwa mjane.