Ardhi Aliyodhani Anaijua

Saa mbili asubuhi, na katapila la Fintan Geraghty linazama.

Mnyororo wa kushoto umeshamezwa nusu na tope. Fintan, mwenye miaka hamsini na sita, ameganda kwenye kiti chake. Kaka yake Malachy amesimama nyuma, gambuti zimejaa maji.

"Nilikwambia tutandike magogo."

"Hapa pakavu. Nilipachimba mwenyewe."

"Mwaka gani?"



Kwa miaka ishirini na miwili Fintan alilipwa kukikausha kinamasi hiki cha katikati ya Ayalandi. Alichimba mitaro 312, kampuni ikavuna ule udongo mweusi tunaouchoma majikoni kama kuni. Sasa kinamasi ni hifadhi, naye analipwa kuiziba mitaro ileile ili maji yarudi. Imebaki arobaini na mmoja.

Katapila hutembea juu ya magogo yaliyofungwa pamoja. Malachy huyatoa nyuma na kuyatandika mbele. Leo Fintan amekataa kusubiri.

"Mbishi tangu utotoni," Malachy ananiambia mimi niliyekuja kuwatazama kazini, huku akiburuta magogo. "Mama alimshindwa, sembuse mimi."

Katapila ni la Fintan, na hana jingine. Wapo jamaa walioacha mashine zao humuhumu, hazikuonekana tena. Linainama tena kidogo. Nimezaliwa kijiji cha pili kutoka hapa, lakini narudi nyuma hatua mbili, na sioni aibu kusema.

"Ruka utoke, Fintan," anasema Malachy, safari hii bila utani.

"Nikitoka, limekwenda. Lete magogo."

Malachy anayasukuma chini ya kijiko cha kuchimbia, tope likimfika mapajani. Fintan anakandamiza kijiko juu yake, polepole. Magogo yanalia. Mnyororo unachomoka na katapila linarudi nyuma, sentimita kwa sentimita, hadi kwenye magogo ya jana.

Fintan anashuka.

"Niliogopa, sifichi," anasema. "Zamani nilikuwa napita hapa na viatu vya kanisani, visilowe."

"Ukayarudisha maji mwenyewe, halafu ukayasahau," anasema Malachy. "Hongera, fundi."

Fintan anacheka kidogo, kisha anatazama pale palipotaka kummeza. Anataka kumaliza mitaro iliyobaki ifikapo Februari, kabla ndege hawajaanza kutaga.

"Nikimaliza," anasema, "nataka nisiweze kupita hapa tena. Hata kwa miguu."