Siku Mabaloni Yangu Yalipokimbiza Soko la Nyawera

Usiku mzima niligeuka kitandani nikijiuliza jambo moja tu: maua au mabaloni? Chekeni, hata mimi nacheka sasa, ingawa kuna watu hapa Bukavu ambao mpaka leo wakiniona barabarani wanaziba masikio, kisha wanashikana mabega kwa kicheko, nami napita nikiangalia viatu vyangu.

Nilikuwa nimemaliza université, vita vilikuwa vimekausha kazi zote mjini, na shirika moja la afya likakubali kunijaribu: niandae sherehe ya kuwatunuku wauguzi na wakunga ambao hawakukimbia kazi wakati wa masasi, risasi zikilia kila upande. Mkurugenzi, Papa Murhula, mtu wa maneno machache na tai iliyokazwa mpaka unamhurumia, aliniambia wazi, akiniita mdogo kwa Kifaransa: "Petit, sherehe ikienda vizuri, unasaini kontra ya kazi. Ikienda vibaya, unarudia kwa mama yako." Basi mimi, ambaye hata kununua mkate nafanya mkutano na nafsi yangu kwanza, nikaanza kufikiri.

Maua niliyaogopa. Miaka ile tulikuwa tumebeba maua mengi mno kwenda makaburini, nikaona mtu akiingia ukumbini na kukuta maua mbele atauliza ni nani amekufa. Kwa hiyo mabaloni. Halafu rangi! Bluu ni bendera ya Kinshasa, na wakubwa waliotutawala walikuwa vitani nayo, nyekundu ni damu, kijani ni nguo za askari, mwishowe nikachagua nyeupe na njano, kama vitambaa vya sikukuu kanisani, ambavyo hakuna wa kuvishuku. (Nilifurahi sana na akili yangu siku hiyo.) Nilifikiria kila kitu kuhusu baloni isipokuwa kwamba hupasuka.

Sherehe tuliiweka Jumamosi mchana, maana jioni hakuna aliyethubutu kutoka, katika ukumbi ulio pembeni mwa soko la Nyawera. Mabaloni niliyafunga mafungu mafungu, mengine kwenye viti, mengine kwenye kitambaa cha meza ya wakubwa, na fungu kubwa kuliko yote nikalining'iniza karibu na taa kali ya mtu wa video, ili yang'ae vizuri (wazo langu, hakuna aliyenisukuma). Mgeni wa heshima, mkubwa mmoja wa utawala wa wakati ule, alikaa katikati, na mlinzi wake nyuma yake. Nikashika mikro, nikamtangaza mshindi wa zawadi kubwa, radio mpya: Maman Nabintu, mkunga wa Mudaka, aliyezalisha wanawake hata chini ya migomba wakati kijiji kizima kimejificha. Watu wakapiga makofi. Maman akasimama, akarekebisha kitenge chake, akaanza kuja mbele.

Paa!

Ninyi mlioishi hapa miaka ile mnajua kwamba mwili ulikuwa haungoji ruhusa. Ukumbi wote ulilala chini, sikuona kichwa hata kimoja. Wakubwa waliingia chini ya meza wakavuta na kitambaa pamoja na mabaloni yake, pa-pa-pa! Aliyeangukia huku alipasua baloni, aliyetambaa kule akapasua nyingine, na kila mlio ukawalaza zaidi wale waliotaka kuinua shingo, mpaka ikawa vita kamili ambavyo tulikuwa tunajipigia wenyewe kwa matumbo yetu.

Na mimi? Nilikuwa chini ya kiti, mikro mkononi, haijazimwa. Nilisali. Sikujua kwamba nasali kwa sauti, lakini bafle zote, vile vipaza sauti vikubwa, ziliipeleka sala yangu mpaka barabarani: "Mungu wangu, nisife leo! Nisife mbele ya kusaini kontra! Mwezi moja tu, Bwana, nilipwe hata mara moja!"

Milio ikaisha. Kisha karibu na sikio langu nikasikia sauti ya Maman Nabintu, naye amelala kifudifudi na kitenge chake kizuri:

"Mutoto, angalia kule ku taa. Iko baloni."

Nikaangalia. Kipande cha mpira cha njano kilikuwa kinaning'inia pale kinatoa moshi. Maman akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, aliye karibu naye akadaka, kikapita safu kwa safu kama moto wa majani makavu. Chini ya meza mgeni wa heshima alikuwa anamlilia mlinzi wake aliyemlalia juu kumkinga: "Toka, unaniponda!"

Lakini nje soko lilikuwa linakimbia. Milango ya maduka ilikuwa inafungwa kwa kishindo, mamaman wachuuzi wanapita na mabeseni kichwani, mtu anapiga kelele kana kwamba adui wamefika mjini, "Banaingia! Banaingia!" Papa Murhula akatoa kichwa chini ya meza, tai iko mgongoni.

"Petit! Bakikimbia mpaka Kadutu sababu ya mabaloni yako, kontra utaisaini kule kule!"

Siku nyingine ningekaa kwanza nipime: nikitoka, nikikutana na askari, nikieleweka vibaya? Miguu haikuniuliza. Nilichukua baloni moja iliyobaki, nikatoka, nikapanda juu ya kaziye ya bia, kreti tupu iliyokuwa mlangoni.

"Bamaman, murudi! Ni baloni! Ni sherehe!"

Muuza nyanya mmoja akageuka nusu, beseni kichwani. "Baloni gani inalia kama masasi? Mutoto wa masomo, usitudanganye."

"Naapa, Maman, ni baloni."

"Basi ipasule tuone."

Akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanipa. Barabara nzima ikasimama kuniangalia. Nikafumba macho, nikachoma. Paa! Na katika Nyawera yote mtu aliyelala chini alikuwa mmoja tu, mimi, mwenye pini mkononi.

"Yesu! Anaogopa baloni yake mwenyewe!" Walicheka mpaka wakatua mabeseni. "Na munasherehekea nani mule?"

"Maman Nabintu wa Mudaka."

"Nabintu! Si ye alizalisha mutoto wangu!"

Wakaingia wote, na nyanya zao na kabichi zao, na nilipotangaza jina mara ya pili walikwenda mbele wakicheza taratibu, kila mmoja akiweka kitu miguuni pa Maman, hata ile radio niliyompangia kwa fahari haikuonekana tena chini ya mboga. Mgeni wa heshima naye alicheza, na kiatu kimoja.

Tulipokuwa tunakusanya viti Papa Murhula akapita, akasema tu, "Njoo lundi," akaendelea. Njoo Jumatatu! Najijua: maneno hayo mawili ningeyachimba mpaka asubuhi, ni njoo usaini au njoo nikufukuze? Nimeapa kutopuliza baloni tena maishani, hata kwa sikukuu ya mtoto, lakini usiku mwingine wa namna ile niliuogopa kuliko aibu yoyote. Nikamkimbilia mlangoni.

"Papa, ni kusaini ao ni kufukuzwa? Niambie sasa hivi."

Alijaribu kukunja uso, midomo ikamshinda. "Nyawera nzima imesikia ukiomba Mungu. Miye ni nani nikatae?"

Akatoa kontra ndani ya koti, imekunjamana kwa kulaliwa chini ya meza. Na mimi, ambaye nasoma hata maandishi ya kiberiti kabla ya kukiwasha, nikaiweka juu ya kaziye nikasaini bila kusoma hata mstari mmoja.