Mwalimu na Magofu ya Hampi

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa nimesimama kwenye robot, kama tunavyoziita taa za barabarani huku Durban. Ujumbe ulikuwa mfupi: Mwalimu amefariki usingizini, atachomwa kesho Chatsworth kwa desturi za Kihindu. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakanipigia honi, nami sikukumbuka hata nilikuwa naelekea wapi. Wengi wenu hamkumjua, na sitamtaja jina, kwa sababu alichukia kutajwa. Nitamwita kama alivyoitwa na kila mtu.

Tulikutana miaka saba iliyopita katika soko la Warwick. Nilikuwa naulizia majani ya muhogo kwa mama mmoja wa Kikongo, naye akanijibu, “Sombe iko, lakini ya kutwanga haiko.” Sauti nyuma yangu ikasema, kwa Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, “Haipo, mama. Si haiko.” Nikageuka. Alikuwa bibi wa Kihindi, mwembamba, amevaa sari ya pamba na raba za michezo. Mama wa sombe hakutikisika. “Mwalimu, weye uko na masomo mingi, sisi tuko na njaa.” Wakacheka hadi wakashikana mabega, nikaelewa kwamba huo ulikuwa mchezo wao wa kila wiki. Kiswahili alikipata Morogoro, alikoishi miaka mingi uhamishoni akifundisha hesabu watoto wa wakimbizi wenzake, wakati nchi yake ilipokuwa ikiwagawa watu kwa rangi. Tangu siku hiyo nikawa mgeni wake wa Jumamosi katika nyumba yake ya ghorofani kule South Beach, Mkenya na Mhindi wa jimbo hili la Natal wakibishana juu ya ngeli.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye mkutano wa wahadhiri Bengaluru, India. Nilipomwambia, hakuuliza mkutano unahusu nini. “Kutoka hapo kuna treni ya kwenda Hampi,” alisema. “Bibi yangu mzaa baba alitoka vijiji vya huko kabla hajapakiwa melini kuja kukata miwa Natal. Nina miaka sabini na sita, mwanangu. Nibebe.”

Hampi ulikuwa mji mkuu wa dola ya Kihindu ya Vijayanagara, jina lenye maana ya Mji wa Ushindi, kabla ya majeshi ya maadui kuuvunja zaidi ya karne nne zilizopita. Leo ni magofu yaliyotapakaa katikati ya vilima vya mawe makubwa, mengine yamekaliana kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa kabla hajamaliza. Tulitembea siku mbili. Tuliona mtaa wa soko wenye nguzo pande zote, mrefu kiasi kwamba mbuzi waliokuwa mwisho wake walionekana kama sisimizi. Tuliona mazizi ya tembo yenye makuba, makubwa kuliko nyumba tunazolala sisi, na gari la mawe lenye magurudumu, limechongwa mbele ya hekalu kama linalongoja kuvutwa. Mwalimu alipanda ngazi zote. Kila nilipomshika mkono aliuchomoa. “Shika maji,” aliniambia. “Mimi nitajishika mwenyewe.”

Kwenye hekalu lile lenye gari la mawe, kiongozi wetu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa kijiji cha hapo, alitupeleka mpaka chumba cha ndani kabisa, palipokuwa patakatifu. Palikuwa na giza na harufu ya popo. Jukwaa la jiwe lilikuwa tupu.

“Mungu wao yuko wapi?” Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza.

“Hatujui kwa hakika, mama. Wazee wetu husema alibebwa kabla adui hajafika.”

“Alibebwa na nani? Mfalme?”

“Wakubwa walikimbia na hazina, juu ya tembo. Mungu, wanasema, alichukuliwa na watu wa hekalu. Ilibidi wamng’oe wenyewe. Fikiria, mama, kung’oa kwa mikono yako kitu ulichokiabudu maisha yako yote.”

Mwalimu alitoka nje, akakaa kwenye kivuli cha nguzo. Nilidhani jua limemzidi. Nikampa maji, akayashika bila kunywa. Ndipo akaanza kusema, kwa Kiswahili, pengine ili kiongozi asisikie. Baba yake alikuwa mkulima wa mboga kando ya mto, na nyuma ya nyumba alijenga hekalu dogo la matofali na mabati, mtaa mzima ukiabudu hapo. Katika miaka ya sitini serikali ya wakati ule iliwaamuru Wahindi wa mtaa huo wahamie Chatsworth, kitongoji kilichotengwa kwa ajili yao pembezoni mwa Durban. Vijana walitaka kugoma. Asubuhi moja, kabla ya tingatinga kufika, baba alichukua nyundo na patasi akaanza kulibomoa hekalu lake, tofali moja moja.

“Nilikuwa na miaka kumi na tano,” alisema. “Nilisimama mbele ya majirani nikamwita mwoga. Aliendelea kugonga patasi. Nilipokimbilia uhamishoni sikumuaga, na alikufa nikiwa Morogoro.” Akautazama mlango wa hekalu. “Mwanangu, alikuwa anang’oa. Mimi nikaona anabomoa.”

Tuliporudi Durban aliniomba nimpeleke Chatsworth, kwenye hekalu alilolijenga baba yake baada ya kuhamishwa, ambalo hakuwahi kulikanyaga ingawa alirudi nchini zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mtunzaji wa hekalu, bibi mzee kuliko Mwalimu, alimtambua mara moja. Hakumlaumu. Alituzungusha nyuma na kutuonyesha sehemu ya chini ya ukuta, mistari ya matofali ya zamani yaliyoingiwa na moshi. Kila tofali lilikuwa limechorwa namba kwa ncha ya msumari. “Baba yako alisema siku tukirudishiwa ardhi yetu, hekalu lijengwe tena palepale, kila tofali mahali pake,” bibi alieleza. Mwalimu alipiga magoti, yeye aliyekataa kushikwa mkono Hampi, akapitisha kidole kwenye namba zile moja baada ya nyingine, akizisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mwisho wa mstari aliniomba nimwinue.

Ardhi ile haikurudishwa. Leo kuna barabara kuu na maghala. Lakini miaka yake miwili ya mwisho Mwalimu alikwenda Chatsworth kila Ijumaa na daftari, akiwauliza wazee waliobaki habari za mtaa wao wa kando ya mto: nani alikaa wapi, nani alipanda nini. Alikuwa na haraka, na wao pia walikuwa nayo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakutuambia tuulize nini tukiona vimevunjwa. Kizazi changu kimezoea kuwapima wazazi wetu kwa vita ambavyo hawakupigana, na ni hesabu rahisi, kwa sababu anayepimwa hana habari kwamba yuko kwenye mizani. Baba yangu aliiacha nyumba yake na duka lake Bonde la Ufa mwaka ambao majirani waligeukiana, akafunga mlango na kuondoka bila kurusha hata jiwe. Nilimdharau kwa hilo nikiwa kijana, na dharau ile nikaizoea mpaka nikaidhani ni maoni. Jioni ya mazishi nilimpigia simu nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, siku ile ilikuwaje. Akasema, “Ngoja nivute kiti.” Msomaji wangu, kama mzazi wako bado anaweza kuvuta kiti, usitangulize hukumu. Tanguliza swali.