Marehemu Alivyojiandikia Zamu ya Kupanda

Ulikuwa mwaka ule tulikula ugali wa mahindi ya njano kwa mara ya pili. Mara ya kwanza watoto wangu walikuwa wadogo, wakala wakanyamaza. Mara ya pili walikuwa watu wazima, wakala wakilalamika. Ugali wenyewe ulinuka gunia, hata uuzamishe kwenye mchuzi wa samaki. Nasema haya ili ujue nakumbuka vizuri, maana mtu anayetunga uongo hakumbuki alikula nini. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu mawili, saa saba mchana, jua likiwaka, Kisumu mjini. Si kichakani.

Kwanza elewa desturi ya kwetu Nyakach. Mbegu haitoki tu kwenye gunia ikaenda shambani. Mke wa kwanza ndiye anapanda kwanza, kesho yake wa pili, halafu nyumba ya mwana mkubwa, halafu ya mdogo. Zamu ikirukwa, chira inaingia bomani: mtoto anakonda, ng'ombe anatupa mimba, na kila mtu anajua sababu. Mimi nilikuwa mke wa pili. Miaka ishirini na mitatu nilisimama na jembe mkononi nikimngoja mke mwenzangu, Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, tulivyomwita kwa jina la kwao, amalize kufunga leso. Mvua inanyesha, majirani wanapanda, yeye anafunga, anafungua, anafunga tena. Makusudi, niamini.

Halafu akafa. Mume wetu alikuwa ametangulia zamani, na Nyar Asembo hakuacha mtoto, kwa hiyo zamu ya kwanza ikawa yangu. Sasa tatizo likawa wake za wanangu. Walipanda walivyojisikia. Mwaka mmoja mke wa mkubwa alinitangulia siku mbili, akasema hakujua. Mjukuu wangu, yule anayefanana na mimi hadi visigino, akaugua mpaka macho yakaingia ndani. Nikaapa zamu haitarukwa tena.

Binti yangu wa mwisho, Atieno, alikuwa karani katika ofisi ya kuchapa barua mjini. Alikuwa na kompyuta ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, na ndani yake programu ya kukumbusha. Unaiandikia masharti kwa mistari, mstari baada ya mstari, na kila asubuhi inakwambia leo kuna nini. Nikaenda kwake Nyamasaria, nikalala, asubuhi tukafuatana ofisini. Nikamwambia aandike, kisha awatumie wake wa kaka zake karatasi kila mwaka, asiweko wa kusema hakujua.

Nikaanza. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, kila mwaka. Akaandika. Isipokuwa kama kijijini kuna maiti haijazikwa, maana hapo jembe halishikwi. Akaandika. Na baada ya kuzika, siku nne kama ni mwanamume, tatu kama ni mwanamke, na ikiangukia Jumapili tusogee Jumatatu. Hapo akasimamisha vidole.

"Mama, haya yote umeyaweka wapi?"

"Kichwani. Andika."

Kompyuta ya watu waliosoma ilihitaji mistari kumi na mmoja kushika kitu ambacho kichwa changu cha darasa la pili kilikuwa kimeshika bila kutoka jasho. Atieno akaijaribu kwa kuiuliza mwaka ujao itakuwaje. Ikatoa: Jumatatu mimi, Jumanne nyumba ya mkubwa, Jumatano ya mdogo. Herufi za jina langu nazijua. Nikaliona jina langu juu kabisa, nikakaa vizuri kwenye kiti.

Atieno akatoka kutafuta chakula. Hakukaa sana, stima ikapotea. Nilijua kwa sababu kinu cha posho upande wa pili wa barabara kilinyamaza, na feni ikasimama juu yangu. Lakini kile kioo kiliendelea kuwaka. Mimi ningejuaje? Nikadhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Akaingia mwanamke na beseni la omena kichwani. Akalitua miguuni pangu. Beseni limejaa, na halinuki. Wewe umewahi kuona omena isiyonuka? Kisha akafunga leso yake. Akafungua. Akafunga tena. Mikono ile niliijua, na mimi mwenyewe nilikuwepo ikifukiwa.

"Nyieka," akasema, ndivyo tunavyomwita mke mwenza, "ulinipa siku mbili. Mwanamke ni tatu."

Nani alikuwa amemwambia? Ile siku ya tatu baada ya kumzika niliamka kabla ya jogoo nikaenda kupanda, na hakuna aliyeniona.

"Mvua ilikuwa imenyesha," nikamwambia.

"Na mimi nilikuwa nimekufa."

Akasema mpaka siku yake irudi, zamu ya kwanza bado ni yake, na nikae nimngoje kama zamani. Niliogopa, sikufichi. Lakini nilikumbuka miaka ishirini na mitatu ya kungoja. Nikamwambia, "Mimi singoji ruhusa ya marehemu kupanda shamba langu."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akainama kwenye kompyuta, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Nyar Asembo, ambaye maisha yake yote alitia sahihi kwa dole gumba. Hofu ikanitoka kidogo, wivu ukaingia. Nikamuuliza kama huko walikoenda wanasoma.

"Huko nafasi ipo," akasema. Akajitwika beseni, akatoka.

Kinu cha posho kikanguruma, feni ikazunguka, Atieno akaingia na chapati. Akaangalia kioo, akaniuliza nimegusa nini. Mimi niguse? Jumapili: Nyar Asembo. Jumatatu: mimi. Atieno akahamisha zamu yangu hadi Jumamosi, marehemu akahamia Ijumaa. Mstari wa kumi na mbili ulisema hivi: siku moja kabla yake, siku yoyote atakayochagua. Atieno akaufuta. Asubuhi ulikuwepo. Akaufuta mara tatu, mwisho akaiombea mashine kwa jina la Yesu na kuifunika kitambaa.

Mimi nikasema kompyuta haina jembe. Nikaenda shambani Alhamisi kabla ya ile Jumatatu, sikumwambia mtu. Nikakuta mstari mmoja umeshapandwa, umenyooka, umefukiwa vizuri, na hakuna nyayo za kuja wala za kwenda. Mwaka uliofuata nikapanda mwezi wa pili kwenye vumbi, majirani wakanicheka mpaka wakakaa chini. Mstari ulikuwepo. Kwale wakala mbegu zangu zote, zake hawakugusa hata moja. Mwaka wa tatu nikarudi kwenye Jumatatu yangu.

Ile kompyuta ilishakufa, ofisi ikanunua nyingine. Mstari bado unakuja kila mwaka. Na mjukuu wangu hajaugua tena, ana mashavu kama mandazi.

Basi wewe unayesoma, ukimlilia mtu, hesabu siku zake zote, usimwibie hata asubuhi moja. Na kama una mashine inayokumbuka tarehe, usiiache inawaka ukaenda kula.

Watu wa Pap Onditi, sokoni kwetu, wanasema siku hizi kila mwaka, Jumapili ile kabla ya kupanda, nakaa nyumbani kimya, jembe limeegemea ukuta, kama mtu aliye matangani. Waongo. Siku hiyo huwa natafuta leso yangu. Kama haionekani mpaka Jumatatu asubuhi, hilo ni kosa la leso. Mimi singoji ruhusa ya marehemu kupanda shamba langu.