Dada Yake Bibi Kutoka Malawi

Juzi televisheni ilionyesha ramani ya Ziwa Nyasa, wakizungumzia mpaka wetu na Malawi, nikajikuta nacheka.

Nilipokuwa mdogo pale Ikombe, redio ya bibi ilisema Malawi inadai ziwa lote hadi ufukweni kwetu. Nikadhani watakuja kulichota. Alasiri hiyohiyo mtumbwi ulimleta dada yake bibi kutoka Malawi, ananukia moshi na dagaa, ndoo tupu mkononi.

"Hamchukui maji yetu!" nilimpigia kelele huku nalia.

Bibi akaniamuru nimpe mgeni maji ya kunywa. Nilimpa nusu kikombe. Alikunywa taratibu, akabakiza kidogo, akanirudishia.

"Ndaga, mjukuu wangu, asante. Haya yaliyobaki ni yenu."

Niliyanywa harakaharaka, asije akayataka tena.