Zizi limejaa ng'ombe wa shemeji, lakini tajiri naitwa mimi

Admin, naomba usiweke jina langu, maana huku Nambis hata mtu akikohoa watu wanajua ni nani. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nimeolewa na nina watoto wanne. Tunalima mahindi, maharage na vitunguu saumu. Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu na sasa limefika mahali pabaya.

Ukipita kwetu utaona zizi limejaa, utasema huyu mama ana raha zake. Jamani, ukimtoa mtamba mmoja, ng'ombe wote mle ndani ni wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Kwetu ni desturi tangu mababu: mwenye mifugo mingi humpa ndugu amfugie. Wewe unakamua na unapata samadi, lakini ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wake. Na hiyo inakuwa siri yenu, ng'ombe wa mtu hatangazwi. Zamani naamini ilikuwa huruma, asiye na maziwa naye apate. Sitakuwa mnafiki, wanangu wamekua kwa maziwa hayo.

Lakini shemeji yangu ameigeuza desturi kuwa kichaka cha kujifichia. Huyo mwanaume ana ng'ombe kwetu, ana wengine Hirbadaw kwa rafiki yake, na nasikia wapo mpaka Yaeda Chini. Nyumbani kwake amebakiza mbuzi mmoja mwenye chongo, nadhani wa kuonyesha wageni. Anatembea na koti lililopasuka kwapani, wakati koti zima liko kabatini limekunjwa vizuri. Nimeliona kwa macho yangu.

Mama mkwe alipolazwa, ukoo ukaitwa kuchanga. Shemeji akasimama akashika kifua: "Ndugu zangu, mimi nina mikono tu." Mikono! Watu wakampa pole. Sisi wenye "zizi" tukauza vitunguu kabla bei haijapanda. Kanisani ikaja harambee ya mabati, yeye akaleta kuku akapigiwa makofi kama mjane wa kwenye Biblia, mimi nikatoa mbuzi na bado nyuma yangu wakanong'ona kwamba nina mkono wa birika. Hata ada ya mwanawe ukoo ulichanga mpaka kijana akamaliza shule. Mchango mkubwa walinipangia nani? Mimi tajiri.

Sasa kijana huyo anataka kuoa. Wiki iliyopita tuliitwa kikao, na baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mzee wa ukoo, akanigeukia: "Mama, ninyi Mungu amewabariki. Toeni mtamba wa mahari, kijana apate mke."

Nikamtazama shemeji nikidhani labda leo ataona haya. Wapi! Alikuwa anatikisa kichwa kwa upole. "Kweli kabisa, baba. Mdogo wangu hajawahi kuninyima kitu."

Mume wangu akaangalia viatu vyake. "Sawa, baba," akasema.

Huyo mtamba ndiye pekee aliye wetu. Nilimnunua mnadani kwa pesa ya vitunguu nilivyomwagilia mwenyewe kwa ndoo mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Binti yangu amechaguliwa chuo cha uuguzi na mtamba ndiye ada yake. Mtoto ameshawaaga hadi wenzake wa kwaya.

Kesho yake asubuhi shemeji akaja. Nikamwamkia shikamoo, adabu ni adabu hata kwa mtu wa namna ile. Akaitikia, akanywa kikombe cha maziwa, akaomba cha pili. Kisha akaenda zizini akampapasa mgongo jike mmoja mwekundu.

"Shemeji, Jumamosi wazee wakija kuchukua ng'ombe wa mahari, wasije wakamchukua huyu. Ana mimba. Toeni ule mtamba wenu, ni mzuri, hatutaona aibu kwa wakwe."

"Na chuo cha mtoto, shemeji?"

"Aa, mtoto wa kike ataolewa tu. Ng'ombe watarudi."

Nilitamani kummwagia maziwa yaliyobaki kwenye kibuyu. Nikakumbuka hata hayo ni ya ng'ombe wake, nikacheka peke yangu kwa hasira. Jitu zima linakuja kwangu kulinda mali yake, ili harusi ya mwanawe ilipiwe na kitabu cha mwanangu.

Mume wangu si mtu mbaya, ila mbele ya kaka yake anakuwa mtoto wa darasa la kwanza. Nimemlilia, anasema: "Nilimpa kaka neno langu. Ng'ombe wa mtu hasemwi. Ukifungua mdomo umenivua nguo mbele ya ukoo." Binti amesikia yote. Tangu siku hiyo anakwenda kumkatia mtamba majani na kukaa naye huko zizini.

Jumamosi wanaume watakaa ndani na wazee. Anayekwenda zizini kufungua ni mimi, kama siku zote. Na nimewaza hivi: mtamba wangu abaki ndani. Nimtoe yule mwekundu mwenye mimba, nimkabidhi baba mdogo mbele ya ukoo mzima, niseme, "Pokeeni, Mungu ametubariki." Halafu nisimame nimtazame shemeji usoni. Akitaka arudishwe, aseme kwa mdomo wake mwenyewe ni ng'ombe wa nani. Mimi nitakuwa sijatangaza mali ya mtu.

Naogopa mume wangu hatanisamehe. Lakini nikimtazama binti yangu, naogopa zaidi kwamba yeye ndiye hatanisamehe. Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi: kamba ya mahari niifunge kwenye shingo ya ng'ombe yupi?